Sura ya 5: Mabomba Mawili ya Moshi, la Pili la Nini?

"Fundi, nitilie mabomba mawili." Ombi hili husikika sana katika gereji za Mokowe, Hindi na Mpeketoni. Mara nyingi anayelitoa ni kijana mwenye Probox au Noah, naye anataka gari livute zaidi likijaa abiria na mizigo. Ng'ambo ya maji, nahodha wa boti ya mbao ana swali lake: "Nikiongeza bomba la pili, mashine itapumua?" Sura hii inawajibu wote wawili, kwa kuwa wanachouliza ni kimoja: je, njia mbili za moshi huipa injini nguvu?

Kwa mkazi wa Lamu hili si swali la magari peke yake. Gari linalotoka Garsen kupitia Witu huishia gatini Mokowe, na kutoka hapo safari ni ya boti. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Kwa miaka mingi gari lililojulikana kisiwani lilikuwa la mkuu wa wilaya, na mizigo ilibebwa na punda, jambo linaloeleza kwa nini mji huu una hospitali ya punda tangu mwaka 1987. Hata hivyo, bomba la moshi liko kila upande: kwenye boti za Faza, Kizingitini na Kiunga, kwenye jenereta, kwenye pampu za maji, na kwenye Land Cruiser zinazosubiri bara. Fundi anayechomelea bomba la gari leo, kesho huitwa ufukweni kuchomelea la boti.

Jibu la haraka ni hili. Kwa injini ya silinda nne, bomba la pili halileti nguvu utakayoihisi. Kinacholeta nafuu ni njia isiyobanwa popote: bomba moja la upana unaofaa, kona pana, sailensa nzima na maungio yasiyovuja. Bomba la pili lina mahali pake, lakini ni pachache kuliko tunavyodhani. Tuanze na moshi wenyewe.

## Moshi hutokaje?

Injini nyingi za magari ni za mapigo manne. Ndani ya silinda, yaani chumba cha mviringo, kuna pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni hushuka ikanyonya hewa, ikapanda ikaibana. Mafuta yakaungua na kuisukuma chini kwa nguvu. Kisha ikapanda tena kusukuma moshi nje. Moshi ukitoka hapo hupitia vituo vinne:

1. Menifoldi: mkusanyiko wa mikono ya chuma inayopokea moshi wa kila silinda na kuuingiza katika bomba moja.
2. Katalitiki: kasha lenye matundu madogo yaliyopakwa madini ya thamani kama platinamu na paladi, ambayo hubadilisha sehemu kubwa ya gesi za sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa. Injini kongwe na za boti nyingi hazina.
3. Sailensa: kasha la kupunguza mlio, ama kwa kuuzungusha moshi katika vyumba vyenye kuta, ama kwa kuupitisha katika bomba lenye matundu lililozungushiwa nyuzi zinazomeza sauti.
4. Bomba la mkia: kipande cha mwisho kinachoutoa moshi nje ya gari.

Moshi hautoki mfululizo. Hutoka kwa mapigo, kila silinda kwa zamu yake. Injini ya silinda nne hutoa pigo moja kila nusu mzunguko, hivyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kwa sekunde, na sikio huyasikia kama mngurumo mmoja. Dizeli ya silinda moja ya boti kongwe, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hutoa mapigo kama 12 tu kwa sekunde. Hapo sikio huyatenga moja moja: du-du-du-du. Aliyelala karibu na maji anaweza kuitambua boti ya jirani yake kabla haijaonekana.

Kiasi cha moshi ni kikubwa kuliko tunavyofikiri. Chukua injini ya lita 1.5 kama ile ya Probox. Kila mizunguko miwili huvuta hewa isiyozidi lita 1.5. Ikikanyagwa hadi mizunguko 6,000 kwa dakika, hewa hiyo hukaribia lita 4,500 kila dakika. Ikiungua na kupata joto la nyuzi 600, hutanuka karibu mara tatu. Ndiyo kusema lita kama 13,000 za moshi hutafuta njia ya kutoka kila dakika. Zikikuta njia nyembamba, pistoni italazimika kutumia nguvu kuzisukuma, na nguvu hiyo inakatwa kwenye ile iliyokuwa iende kwenye magurudumu. Mzigo huo huitwa msukumo wa nyuma.

Hapa kuna imani moja ya gerejini inayofaa kusahihishwa. Utasikia kwamba injini inahitaji msukumo wa nyuma ili ivute vizuri. Haiuhitaji hata kidogo. Inachohitaji ni mwendo wa moshi. Pigo moja likipita kwa kasi bombani, huacha nyuma yake upungufu wa hewa unaosaidia kuvuta pigo linalofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupoa, hulegea, na ule msaada hupotea. Kwa hiyo aliyetanua bomba mno akaona gari limekuwa zito kuondoka, aliona sawa. Aliyekosea ni yule aliyemweleza sababu. Gari halikukosa msukumo wa nyuma, lilikosa mwendo wa moshi. Na kwa gari lililojaa watu linaloanza safari katika barabara ya mchanga, uvutaji wa chini ndio unaotakiwa kuliko wote.

## Mabomba mawili yalitoka wapi?

Yalitokana na umbo la injini. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza gari la bei nafuu lenye injini ya V8, yaani silinda nane zilizopangwa katika safu mbili zilizoegemea pande mbili mfano wa herufi V. Safu mbili maana yake menifoldi mbili. Kiwandani menifoldi hizo ziliunganishwa katika bomba moja ili kupunguza gharama. Vijana wa Marekani waliopenda mbio za magari waliona kwamba bomba hilo moja linabana silinda nane, wakalikata, na kila safu wakaipa bomba lake. Nguvu iliongezeka kweli, na pamoja nayo ule mngurumo mzito.

Sifa ya mngurumo ikavuka bahari, lakini sababu yake ikabaki kule. Probox, Noah na nyingi ya gari tunazoziona Mokowe zina silinda nne katika mstari mmoja na menifoldi moja. Hazina safu ya pili ya kupewa bomba. Fundi akiambiwa aweke mabomba mawili, hukata bomba nyuma ya sailensa, akachomelea kipande cha umbo la Y, na kutoa midomo miwili. Kwa macho ni mawili, lakini kwa injini ni lilelile moja.

Mtu wa Lamu atalielewa jambo hili haraka. Punda aliyebeba mawe ya matumbawe akikwama katika kichochoro chembamba cha mtaa wa Mkomani, hakuna msaada wowote kuupanua uwanja ulioko mwisho wa kichochoro. Kinachoamua msafara utapita kwa kasi gani ni pale palipo pembamba kuliko pote. Katika gari la kawaida, hapo pembamba huwa ni kona iliyobonyea, katalitiki iliyoziba, sailensa iliyooza ndani, au menifoldi yenyewe. Mara chache sana huwa mdomo wa nyuma.

Kuna injini za mstari zinazogawika vizuri. Land Cruiser yenye dizeli ya silinda sita, mathalani ile ya lita 4.2 iliyotumika sana katika magari ya bara, huwasha silinda zake kwa mpango wa 1-4-2-6-3-5. Ukiangalia utaona mapigo yanapokezana: moja la nusu ya nyuma, moja la nusu ya mbele. Ukizigawa silinda tatu za mbele na tatu za nyuma, kila bomba litapata mapigo yenye nafasi sawa. Injini ya namna hii, au V6 na V8, ndiyo yenye haki ya kudai mabomba mawili.

## Hesabu ya duara

Kabla ya kununua chuma, fanya hesabu ya darasa la nane. Nafasi ya moshi kupita si kipenyo cha bomba, ni eneo la duara lake. Kipenyo kikiongezeka kidogo, eneo huongezeka sana. Tazama mabomba haya, vipimo vikiwa vya ndani:

- Bomba moja la inchi 2: eneo la inchi mraba 3.1
- Mabomba mawili ya inchi 1.5: jumla ya inchi mraba 3.5
- Mabomba mawili ya inchi 1.75: jumla ya inchi mraba 4.8
- Bomba moja la inchi 2.5: eneo la inchi mraba 4.9

Angalia mistari miwili ya mwisho. Bomba moja la inchi 2.5 hupitisha moshi sawa na mabomba mawili ya inchi 1.75, au zaidi kidogo. Lakini chuma kinachotumika hakilingani. Ukiyakunjua na kuyapima mzunguko, mabomba mawili yanakula bati kwa asilimia 40 zaidi ya lile moja. Maungio ni mara mbili, raba za kuning'inizia ni mara mbili, na chuma cha kuliwa na kutu ni kingi zaidi. Isitoshe, moshi husuguana na kuta, na mabomba mawili membamba yana kuta nyingi kuliko moja pana.

Hii haina maana kwamba kila gari linahitaji inchi 2.5. Kwa injini ya lita 1.5 bomba la kiwandani, au lililozidi hapo kwa robo inchi, linatosha kabisa.

Kwa ufupi:

- Injini ya silinda nne ina menifoldi moja, hivyo midomo miwili ya nyuma ni pambo.
- Tafuta mahali palipobanwa kwanza, ndipo ukate.
- Bomba moja pana kidogo ni nafuu kuliko mawili membamba, na hupitisha moshi uleule.
- Usitanue kupita kiasi. Utapoteza uvutaji wa chini.

## Kutu ya ndani, kutu ya nje

Mtu wa pwani anajua chumvi hula chuma. Wasichokijua wengi ni kwamba bomba la moshi huliwa zaidi kutoka ndani. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Lita moja ya petroli hutoa mvuke ambao ukipoa ni takriban lita moja ya maji. Safari ikiwa ndefu, bomba hupata moto na mvuke wote hutoka nje. Safari ikiwa fupi, kama za teksi zinazokwenda na kurudi kati ya Mokowe na Hindi, bomba halipati moto wa kutosha. Maji hubaki tumboni mwa sailensa yakichanganyika na masizi na asidi, na chuma huanza kuoza huku nje kikiwa bado kinang'aa.

Hapa mabomba mawili yanajichongea. Moshi uliogawanywa nusu kwa nusu hulipa kila bomba nusu ya joto. Bomba lililopoa hubaki na maji kwa muda mrefu zaidi, na likibaki na maji huoza mapema. Kwa gari linalokaa karibu na bahari na kutembea safari fupi, huo ni ubaya wa kutosha kuliacha la pili dukani.

Dawa ni rahisi. Kwanza, toboa tundu la milimita tatu sehemu ya chini kabisa ya sailensa ili maji yachirizike. Tundu hilo halibadili mlio wala nguvu. Pili, likitembea safari fupi kwa wiki nzima, lipeleke gari safari moja ndefu ya kulikausha. Tatu, chagua chuma ukijua tabia yake:

- Chuma cha kawaida: nafuu, huchomeleka vizuri, lakini pwani hakidumu.
- Bomba la GI: bomba la maji lililopakwa zinki, linalopatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ni nene, lina uzito, na mafundi wa boti hulipenda kwa sababu elbo na soketi zake ziko tayari. Zinki hulinda pale palipo na joto dogo. Karibu na menifoldi huharibika upesi.
- Stenlesi: ghali mara ya kwanza, lakini hustahimili chumvi na joto kuliko zote. Ile ya daraja la 316 hustahimili maji ya bahari kuliko ya 304.

Tahadhari juu ya GI: zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanazuia. Hayazuii. Kinachosaidia ni kuisaga zinki sentimita chache kila upande wa kiungo kabla ya kuchomelea, kufanya kazi mahali penye upepo, na kukaa upande unakotoka upepo. Nayo stenlesi ikiunganishwa na chuma cha kawaida huhitaji vijiti vyake, kama vya namba 309. Ukitumia vijiti vya kawaida, bomba litadumu na kiungo kitaoza.

## Na boti je?

Boti za Lamu zinatufundisha namna tatu za kutoa moshi.

Ya kwanza ni ya mashine zinazofungwa nyuma, kwenye tezi. Humo moshi hushuka ndani ya mguu wa mashine na nyingi zao huutolea chini ya maji kupitia katikati ya panga. Maji yenyewe ndiyo sailensa. Hakuna bomba la kuongeza wala la kupunguza, na ukiitoboa sehemu hiyo ili ipumue utapata kelele na hasara.

Ya pili ni bomba kavu la dizeli iliyokaa ndani ya chombo. Chuma hutoka kwenye menifoldi, kikapanda juu au kupenya ubavuni. Ni nafuu na rahisi kutengeneza, lakini hufika nyuzi 400 na zaidi mashine ikibeba mzigo. Mbao iliyookwa kwa muda mrefu karibu na joto hilo hugeuka makaa taratibu, na makaa hushika moto kwa urahisi kuliko mbao. Kalafati, yaani pamba iliyosindiliwa kati ya mbao, ikikauka kwa joto chombo kitaanza kuvuja hapohapo. Bomba likipenya ubavu, tundu la mbao liwe pana kuliko bomba kwa vidole kadhaa, na bomba lishikwe na bamba la chuma. Livishwe utepe wa nyuzi za kioo. Usitumie kamba kongwe za asbesto hata ukipewa bure, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu.

Ya tatu ni bomba la maji. Maji ya bahari yaliyokwisha kupoza injini humwagwa ndani ya bomba baada ya kona ya kwanza. Moshi hupoa ghafla, mlio hupungua, na kuanzia hapo unaweza kutumia mpira badala ya chuma. Hatari yake ni moja na ni kubwa: maji yakirudi nyuma yataingia kwenye silinda, na injini iliyojaa maji huvunjika ikiwashwa. Kwa hiyo kona ya kwanza lazima ipande juu ya usawa wa maji ya nje hata chombo kikiwa na mzigo kamili, na maji yamwagwe baada ya kilele, upande unaoteremka.

Bomba la pili la boti lina maana pale tu penye injini mbili. Kila injini iwe na lake, na yasiunganishwe, maana moja ikizimwa moshi na maji ya nyingine yatairudia.

Kuna jambo lingine linalowahusu abiria. Moshi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Msimu wa kusi, boti inayotoka Lamu kuelekea Faza au Kizingitini hupata upepo wa nyuma. Chombo kikienda karibu sawa na upepo, moshi hauachwi nyuma. Huning'inia juu ya waliokaa tezini. Abiria akilalamika kichwa na kichefuchefu, tusikimbilie kusema ni bahari. Mdomo wa bomba uwe juu ya vichwa au nje ya ubavu, na turubai lisifungwe pande zote. Kwenye gari ni vivyo hivyo: mdomo uvuke ukingo wa bodi, na gari lisiendeshwe mlango wa nyuma ukiwa wazi.

## Ukiamua kutengeneza

Tuseme una Land Cruiser ya silinda sita, au gari lako ni la silinda nne na unataka midomo miwili kwa uzuri wake. Fanya hivi usiingie gharama mara mbili.

1. Pima kabla ya kukata. Gari likiwa juu ya stendi imara, tengeneza njia nzima kwa waya mnene. Acha nafasi ya vidole vitatu kutoka kwenye tangi la mafuta, mipira ya breki na nyaya. Kumbuka ekseli ya nyuma hupanda gari likigonga shimo.
2. Tunza flenji ya kiwandani. Flenji ni bamba lenye matundu ya bolti linalounganisha vipande. Kuchonga mpya ni kazi. Ya zamani ikisafishwa na kuwekewa gasketi mpya inatosha.
3. Usiguse kilicho kabla ya katalitiki. Hapo pana sensa ya oksijeni inayoiambia kompyuta ya gari kiasi cha mafuta. Ukivuruga hapo, taa ya injini itawaka na petroli itapotea. Wala usikubali katalitiki itolewe "ili gari lipumue". Ikiwa haijaziba haibani sana, na anayeitoa mara nyingi anaitaka kwa ajili ya madini yake.
4. Kona ziwe pana. Bomba likikunjwa kwa nguvu hubonyea na kuziba njia uliyolipia. Fundi asiye na mashine hujaza mchanga mkavu ndani, akaziba ncha, akapasha moto na kukunja polepole. Mchanga uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu mvuke utakirusha kile kizibo. Njia nyingine ni kununua kona zilizokwisha kukunjwa kiwandani na kuziunganisha.
5. Shika kwa nukta kwanza. Chomelea nukta tatu kila kiungo, rudisha gari chini, tikisa, washa, tazama. Ukiridhika ndipo uzungushe. Bati la bomba la gari ni jembamba, milimita 1.5 hivi, na vijiti vinene hulitoboa. Tumia vya milimita mbili na moto mdogo.
6. Ning'iniza kwa raba. Injini hutikisika. Bomba lililofungwa chuma kwa chuma na bodi hupasua menifoldi. Pale karibu na injini weka kipande cha fleksi, bomba la nyuzi za chuma linalojipinda.
7. Kagua uvujaji. Washa injini ikiwa baridi, ziba mdomo kwa kitambaa kwa sekunde chache, na msaidizi apake maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitokea, kiungo kinavuja.

Mahali pa kubana matumizi ni sailensa ya mtumba iliyo nzima, flenji ya zamani, na kazi ya kupima unayoweza kuifanya mwenyewe. Mahali pa kutobana ni kona, raba, fleksi na muda wa mchomeleaji.

## Kelele ni ya nani?

Kanuni za trafiki za Kenya zinataka gari liwe na sailensa inayofanya kazi. Aidha, ziko kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo iliyozidi, ambazo husimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA. Polisi hahitaji kifaa kusikia kwamba sailensa imeondolewa.

Katika visiwa vyetu jambo hili lina upande wake. Ndani ya Mji wa Kale, kuta za matumbawe zimekaribiana kiasi kwamba mlio hauna pa kwenda. Hugonga ukuta huu ukarudi ule. Pikipiki moja iliyotobolewa sailensa huwaamsha watu wa mtaa mzima, na kelele ni miongoni mwa malalamiko yaliyoifanya serikali ya kaunti kuzipiga marufuku pikipiki ndani ya mji huo. Anayependa sauti nzito kidogo bila kuudhi anaweza kuchagua sailensa yenye nyuzi badala ya ile ya vyumba. Kutoboa sailensa hakumpi nguvu yoyote ya maana; kunampa maadui.

## Pesa ikiwa kidogo, anza wapi?

Kama una pesa za kazi moja tu, zitumie kwa mpangilio huu. Kwanza ziba panapovuja karibu na injini, kwa sababu hapo ndipo gesi ya sumu huingia kwenye gari au chombo. Pili, badilisha sailensa iliyooza au kuziba. Tatu, ondoa kona zilizobonyea. Nne, kama injini imeongezewa nguvu au hubeba mzigo mzito kila siku, panua bomba kwa robo inchi. Tano, ikiwa injini yako ni ya V au ya silinda sita na bado una akiba, hapo ongea na fundi habari ya bomba la pili.

Mwenye Probox ataona kwamba zamu yake iliishia kwenye nambari ya tatu. Kilichosalia mfukoni anunue plagi mpya na kichujio kipya cha hewa. Injini isiyovuta hewa vizuri haina moshi wa kutosha kuhitaji hata hilo bomba moja ililo nalo.